Kutu Ndani ya Mafuta

Gari la mahabusu lilikuwa limeshavuka reli ya miwa, pua imeelekea mjini Holguín, na Maidelis alikuwa bado analifukuza na mfuko mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati, mswaki na nusu mkate. Mumewe, Osmel, alikuwa amegeuza shingo nyuma ya wavu wa dirisha. Pingu zilikuwa zimemfunga kwenye bomba la kiti, hata mkono hakuweza kupunga. Kandambili moja ikamvuka Maidelis, akasimama. Vumbi likamfunika, na lilipotulia gari halikuonekana tena.

Aliirudia kandambili yake, akaivaa, akaja moja kwa moja kwa Luteni Zenaida Puig, aliyekuwa amesimama barazani na begi lake begani.

“Afande, mfuko sijampa.”

“Nitampa mimi.”

“Wewe si ulitakiwa uwemo mle?”

“Nilitakiwa.”

Zenaida alikuwa ameshuka garini dereva akiwa ameshawasha injini, akasema amesahau kitu. Hakusahau chochote. Asubuhi hiyo mwendesha mashtaka alimpigia simu kituoni, akamwambia kwa upole kabisa kwamba kesho, akishakunywa chai, anatia sahihi shtaka la mauaji. Akishatia, Osmel anapelekwa gereza kuu kusubiri kesi, na huko watu husubiri mpaka nywele zinageuka rangi. Kama Zenaida ana kitu, akilete kabla ya hapo. Kama hana, alete faili lilivyo, asianze kupiga hadithi.

Faili lenyewe lilikuwa fupi. Leovigildo Feria, baba yake Maidelis, alikuwa fundi wa kalibu katika kiwanda cha sukari cha Sitio Hondo mpaka siku kilipofungwa. Tangu hapo alifanya kazi kibandani nyuma ya nyumba, na mashine aliyoiunda mwenyewe kwa msaada wa mkwe wake. Siku ya Jumatatu walimkuta ameinamia tangi la mashine hiyo, mkono wake wa kulia umezama ndani hadi kiwiko, maiti. Daktari aliandika umeme, na hakuna aliyembishia. Kilichobishaniwa ni nani aliyeufikisha umeme huo kwenye mkono wa mzee. Mashine ilikuwa na transfoma ya kuitenga na waya za ukutani, na transfoma hiyo haikuwepo. Aliyeitoa ni Osmel, na mwenyewe alikiri. Tena jirani alimsikia akimwambia mzee kwamba mashine hii itamuua, na yeye hatakuwepo kumzika. Juu ya hayo, Osmel alikuwa na karatasi za safari tayari, anataka kuhama nchi na mkewe, na mzee alikuwa amesema bintiye haondoki yeye akiwa hai.

Mwendesha mashtaka yeyote angelipenda faili kama hilo.

Maidelis alimkaribisha jikoni. Alitaka kusaidia, na ilionekana katika kila alichofanya: alifuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi, akasema atajibu swali lolote, hata mara kumi. Umeme ulikuwa umekatwa kama kawaida, na gesi ya mtungi ilikuwa haijafika mtaani kwa muda mrefu kiasi kwamba watu waliacha kuiulizia. Akaliwasha jiko la mafuta la kupampu. Moto ukakohoa, ukatoa moshi mweusi, ukazimika. Akachukua pini, akazibua tundu la jiko, akapampu tena.

“Linaziba kila siku siku hizi,” alisema. “Zamani pini nilikuwa naitafuta kwa tochi, siku hizi nimeichomeka kwenye nywele.”

Kahawa ilitoka kwa shida. Raba ya birika, ile pete inayoziba kati ya nusu zake mbili, ilikuwa imekwisha, na mvuke ulitokea ubavuni badala ya kupanda juu. Hizo ndizo raba alizotaka kuzitengeneza marehemu: kalibu ya chuma kigumu, unamimina mpira, unatoa raba za birika za mtaa mzima. Zenaida alionja, akakunja uso kidogo.

“Usinitazame mimi,” alisema Maidelis. “Imebatizwa huko huko dukani. Nusu kahawa, nusu njegere. Hapa kila kitu Mkristo, afande. Maziwa yamebatizwa, ramu imebatizwa. Baba alikuwa anasema ukipata kitu ambacho hakijabatizwa, mrudishie mwenyewe, huenda ameibiwa.”

Alicheka peke yake, kisha akaacha.

Zenaida aliuliza mafuta ya jiko anayapata wapi. Maidelis alijibu bila kufikiri kwamba ananunua mitaani, kwa mtu anayepita na madumu, jina halijui. Kila nyumba ingejibu hivyo hivyo. Luteni hakuliandika. Aliomba ufunguo wa kibanda.

Kibanda kilinuka mafuta ya taa na chuma kilichoungua. Mashine ilikuwa juu ya meza ya mbao, hakuna aliyeigusa tangu mwili ulipoondolewa. Asubuhi, kabla ya kufungwa pingu, Osmel alimweleza inavyofanya kazi, akichora hewani kwa vidole. Unachukua bonge la chuma ambalo hakuna keekee inayoweza kulitoboa. Unalilaza ndani ya tangi. Juu yake unashusha ncha ya shaba iliyochongwa umbo unalolitaka, unaisogeza karibu sana, lakini haigusi. Umeme unaruka katikati, cheche baada ya cheche, na kila cheche inang'oa chembe moja ya chuma. Ncha inashuka polepole, na chuma kinakubali umbo lake. Vyote viwili vinakaa chini ya mafuta ya taa, kwa sababu mafuta hayapitishi umeme ovyo, yanapitisha ile cheche tu, na uchafu yanauosha. Ukutani kulikuwa na safu ya balbu, ambazo umeme huzipitia kwanza ili usije kwa fujo.

Osmel alisema transfoma iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Shaba yake waliiyeyusha, ndiyo hiyo ncha. Chuma chake kilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema waunganishe moja kwa moja ukutani.

“Na ulikubali?” Zenaida alimuuliza.

“Nilimkatalia mpaka nikamwambia itamuua. Hilo ndilo jirani, Bi Eneida, alilolisikia. Sehemu aliyonijibu mzee hakuisikia, kwa sababu mzee alinijibu kwa mkono.”

Hakuna shahidi wa kibao.

Zenaida aliitazama mashine bila kuigusa. Ndani ya tangi, ambalo zamani lilikuwa pipa la mashine ya kufulia ya Kirusi, mafuta yalikuwa meusi kama wino. Mzee alikuwa amechora mstari mwekundu wa rangi ya kucha kuzunguka ndani, na mafuta yalifika barabara kwenye mstari. Alivaa glavu, akalegeza skrubu, akaiinua ncha na fimbo ya chuma iliyoishika. Akaitazama, akaipeleka dirishani.

Fimbo ilikuwa safi upande wa juu, inateleza kwa mafuta. Kuanzia katikati kwenda chini ilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa, na mpaka kati ya safi na kutu ulikuwa umenyooka kama umepigwa kwa rula. Akazamisha mikono miwili, akalitoa bonge la chuma. Lote lilikuwa limevaa kutu, juu, chini, ubavuni, mpaka ndani ya kile kiduara kilichoanza kuchimbwa.

Bibi yake Zenaida alikuwa akitunza visu vyake ndani ya kopo la mafuta ya taa visishike kutu. Chuma kikilala ndani ya mafuta hakipati kutu hata mwaka mzima.

Akauweka ule uzito sakafuni, akatoka mpaka uani.

Bi Eneida, jirani, alikuwa ameshajiweka kwenye ua wa michongoma kabla hajaitwa. Alikuwa mjumbe wa mtaa, na aliyasema maneno ya Osmel tena neno kwa neno, hata na sauti akaiga. Zenaida alimwacha amalize, kisha akamuuliza kitu kingine: siku ile, kabla ya kelele, alikuwa anatazama wapi?

“Pale dirishani kwake, mwanangu. Nitatazama wapi tena, na televisheni yangu imekufa? Umeme ulikuwa umerudi. Sisi wengine tunakimbilia kupasi, yeye anaunguza balbu mchana kweupe.”

“Balbu zilikuwa zinawaka vipi, mama?”

Bi Eneida alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. Zilikuwa zinawaka tu, akasema. Siku zote huwa zinachezacheza, zikikonyeza kama macho ya mlevi, mpaka unaumwa kichwa. Siku ile zilitulia kama za sebuleni. Akamwona mzee anazitazama, anatukana, anakunja mkono wa shati. Halafu akasikia kelele.

“Hilo hukuliandikisha.”

“Nani aliniuliza habari za balbu? Waliniuliza habari za Osmel.”

Zenaida alirudi kibandani. Osmel alikuwa amemwambia na hili, wala yeye hakulitilia maanani wakati ule. Balbu zikikonyeza, mashine inakula chuma. Balbu zikitulia, umeme umepata njia ya mkato: uchafu umejaa kati ya ncha na chuma, cheche zimekufa. Dawa ya mzee ilikuwa moja, aliyoitumia miaka yote. Alitia mkono ndani ya mafuta, akakoroga uchafu ukaondoka, mashine ikiwa inaendelea. Alijisifu kwa hilo mbele ya wageni. Mafuta hayapitishi umeme; usipoigusa shaba, uko salama kama uko kitandani.

Alikata kipande cha mpira mwembamba kilichoning'inia ukutani, akakishusha mpaka sakafu ya tangi, akavuta kwa mdomo, akakinga kwenye chupa tupu ya ramu. Kilichotoka kilikuwa cheusi. Aliiweka chupa dirishani, akaketi kwenye kigoda, akasubiri. Uchafu ukazama taratibu. Chupa ilipoanza kung'aa, humo ndani hamkuwa na mafuta ila utando mwembamba juu. Vingine vyote vilikuwa maji.

Alilowesha kidole, akaonja, akatema. Maji ya chumvi. Maji ya kunywa ya Sitio Hondo yaliletwa na gari. Chumvi hiyo ilikuwa ya kisima cha uani, alipokuwa anatoka Maidelis na ndoo ya kudekia.

Mzee alikuwa ametia mkono ndani ya mafuta, kama siku zote, na chini ya mafuta mkono ukakuta maji.

Sasa alikuwa na kitu, na kitu hicho kilikuwa kibaya kuliko faili tupu. Kabla ya chupa hii, Osmel aliweza kutetewa kama mkwe mzembe aliyetoa transfoma. Na chupa hii, alikuwa fundi anayejua vizuri maji yatafanya nini chini ya mafuta, na kisima kiko hatua chache. Mwendesha mashtaka angeishika chupa ile kwa mikono miwili.

Zenaida alitazama huku na huku. Juu ya rafu kulikuwa na sumaku ya spika mbovu. Akaichukua, akaitia mfukoni, akarudi jikoni.

Maidelis alikuwa anachambua mchele. Luteni aliomba ile pini. Maidelis aliichomoa kwenye nywele, akacheka kidogo, akampa. Zenaida aliingiza pini kwenye tundu la jiko, akaizungusha, akakung'uta masizi juu ya kipande cha gazeti. Kisha akapitisha sumaku chini ya gazeti.

Masizi ya jiko hayafuati sumaku. Haya yalisimama kama manyoya ya paka, yakatembea, yakarudi.

Maidelis aliacha mchele.

“Huyo mtu wa madumu,” alisema Zenaida, “anauza mafuta yenye chuma?”

Maidelis alikuwa anatazama gazeti.

“Sikiliza, Maidelis. Sijaandika bado. Ndani ya tangi kuna maji, na maji ndiyo yaliyomuua mzee. Nikiandika hivyo peke yake, mumeo harudi. Watasema ameyatia yeye. Nataka uniambie nani alikuwa anachota mafuta.”

Maidelis alisema huenda mzee mwenyewe ndiye aliyeongeza maji. Alisema haraka, akageuza uso. Zenaida alimjibu kwamba hakuna atakayeamini: mtu aliyeiunda mashine ile asingeitia maji hata amelewa. Maidelis akasema huenda mvua. Bati halivuji, alijibu Zenaida. Akasema, basi mwandike Bi Eneida, yule anaweza lolote. Hilo hata mwenyewe hakulimaliza.

Akakaa. Mikono yake ilikuwa bado na pumba za mchele.

“Alikuwa anataka chakula cha moto,” alisema. “Kila siku. Mafuta sina, mkaa sina, kuni zimelowa. Ananiambia mama yako asingenipa wali baridi. Na yeye ana tangi zima pale, analishia cheche. Nikawa nachota kikombe. Nachuja kwa kitambaa.”

“Na maji?”

“Ule mstari.”

“Mstari una nini?”

“Alituambia wote, mimi na Osmel, mafuta yasishuke chini ya ule mstari kamwe. Yakishuka, cheche zitatoka nje, kibanda kitawaka, na yeye ndani. Alinishika bega aliponiambia. Mimi nimechota, yameshuka. Nikaogopa moto.” Aliinua uso. “Maji hayawaki, afande. Nilitia maji ili asiungue.”

Nje, Bi Eneida alikuwa anamwita kuku wake. Jiko lilikohoa, likazimika lenyewe, na safari hii hakuna aliyelizibua.

“Osmel anajua?”

“Angejua angenizuia. Yeye ni fundi.” Kisha akauliza, polepole, kama anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua: “Hakuna namna ya kuandika ambayo yeye anatoka, na mimi sijui?”

“Hujui nini?”

“Kwamba ni mimi.”

Zenaida alisema hakuna. Shtaka litaondoka kwa neno lake Maidelis, limeandikwa, limetiwa sahihi, mbele ya mtu aliyeshika lile faili. Kama hataki, hawezi kumlazimisha. Yeye atakwenda na chupa peke yake, na ataieleza kadiri anavyoweza, na haitatosha.

Maidelis aliinuka, akanawa mikono, akafunika mchele kwa sahani kama anayekwenda dukani na kurudi. Akavua kandambili, akavaa viatu vya msibani, vilikuwa bado mlangoni. Zenaida alinyoosha mkono kuuchukua ule mfuko wa Osmel.

“Acha,” alisema Maidelis. “Nitampa mwenyewe.”

Basi halikuwepo. Walipanda trekta la ushirika mpaka njia kuu, wamekaa juu ya magunia, chupa imefungwa kwa shati katikati ya magoti ya Luteni isimwagike. Dereva aliwauliza wanakwenda arusini au mahakamani. Maidelis akamwambia aangalie mashimo.

Hati ya mauaji haikutiwa sahihi. Mwendesha mashtaka alisoma maelezo ya Maidelis mara mbili, akaitikisa chupa mwenyewe, akakasirika kwa sababu chai yake ilipoa. Osmel alitoka baada ya wiki tatu, kwa kuwa mhuri ulikuwa likizo. Alipewa onyo kwa kuunganisha mashine bila transfoma. Maidelis alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha nje, anafagia ua wa zahanati. Osmel hakuondoka nchini. Karatasi zake ziliisha muda ndani ya droo. Wanaishi nyumba moja. Bi Eneida anasema hawagombani na pia hawaongei, na kwamba Osmel ndiye anayepika, kwa mkaa.

Zenaida aliandikiwa barua ya kuonywa kwa kushuka garini bila ruhusa, akahamishiwa kituo cha bandarini kuhesabu matairi yaliyokamatwa. Bonge la chuma lenye kiduara nusu linazuia mlango wa chumba cha vielelezo usipigwe na upepo. Balbu zilipotea wiki ya kwanza, na moja ilionekana chooni kwa askari. Raba za birika hazikutengenezwa.

Tangi lilirudishwa kwa familia kwa maandishi, lakini hakuna aliyekuja kulichukua. Liko uani kituoni. Mvua ikinyesha hujaa maji mpaka kwenye mstari, na kuku wa kituo hunywa humo.